Msalaba wa Chaki

Rafiki yangu wa kufa na kuzikana anatengeneza bia ya matunda pori. Hamira hanunui, anaiacha bia wazi mpaka ichachushwe na chochote kilichomo hewani. "Chochote?" nilimuuliza siku moja. Akacheka. Siku hizi hacheki.

Mchana mmoja aliingia ghalani kukagua mapipa. Kazi yenyewe ni hii: unaligonga pipa mara mbili, unasikiliza, na likiwa tayari kufunguliwa unalichora msalaba wa chaki. Ghala halina dirisha. Kabla hajagonga hata pipa moja, mlango ukajifunga, komeo la nje likaanguka, na taa ikazimika. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mumewe alikuwa porini, anachuma matunda.

Akabaki ameukumbatia mlango. Ndipo akasikia, kule mwisho wa ghala: ngo, ngo. Kisha kimya, kama cha mtu anayesikiliza. Pipa la pili: ngo, ngo. Kimya. Sauti ikaja hivyo hivyo, pipa baada ya pipa, bila haraka, mpaka pipa lililokuwa karibu na visigino vyake.

Kisha akagongwa mgongoni. Mara mbili. Kimya cha safari hiyo kilikuwa kirefu.

Mumewe alipofungua, rafiki yangu alimpita mbio bila salamu, chaki bado iko kiganjani, akaenda kusimama juani.

"Mama watoto," mumewe akaita nyuma yake, "nani kakuchora msalaba mgongoni?"