Mtoto Asiyehesabiwa

Maneno yale Namelok aliyasikia mtoni, na hayakumtoka tena moyoni. "Shule ni mahali pa kuhesabia watoto," mwanamke mmoja alisema huku akijitwika kibuyu cha maji. "Wakishahesabiwa, wanapelekwa kubeba mawe kama baba zao."

Hiyo ilikuwa miaka ya Wajerumani, chini ya Mlima Meru. Neno shule lilikuja nao, na Waarusha wengi hawakujua maana yake. Lakini kuhesabiwa walikujua. Mume wa Namelok alipangwa mstari, akahesabiwa, akabebeshwa mawe ya kujengea boma lao. Alirudi mgongo umepinda, na hakuishi sana. Tena, tangu zamani watoto hawakuhesabiwa kwa sauti. Ilikuwa kama kukiita kifo.

Binti yake Nosim, wa miaka kumi na mmoja, aliamka alfajiri, akakamua mbuzi, akafagia zizi, akawakatia ndama majani ya migomba. Kazi ikiisha, alisimama mlangoni.

"Yeyo, niende?" Yeyo ni mama kwa Waarusha.

"Uende wapi?"

"Shule. Rafiki yangu Namnyaki ameshajua kuandika jina lake."

"Namnyaki ana baba wa kumtetea. Wewe unaye nani?"

Nosim alirudi zizini, machozi yakimlenga. Ikawa hivyo siku tatu. Siku ya nne mama alishindwa kumtazama. "Haya, nenda. Ila mwalimu akianza kuhesabu, toka nje. Na jina lako usilitaje. Niahidi."

"Naahidi, yeyo."

Shule yenyewe ilikuwa kibanda cha udongo ng'ambo ya mto. Kila asubuhi, na tena jioni kabla ya kuondoka, Mwalimu Nathanaeli aliwahesabu wanafunzi wake: ishirini na wawili. Nosim alijificha nyuma ya migomba mpaka hesabu iishe.

"Wewe!" Kisioki, mwanafunzi mwenzake, alimtania. "Hata kuku wa mwalimu wanahesabiwa!"

"Kuku wanahesabiwa ili wachinjwe," Nosim akajibu, na darasa zima likacheka.

Mwalimu alimwuliza jina lake. "Mama amenikataza," alisema. Mwalimu akamwacha, akidhani atazoea.

Masika yalipofika, siku moja mawingu yalifunika mlima wote na mto ukaanza kunguruma. Mwalimu akawapanga watoto upesi. Nosim, kama alivyoahidi, alikimbilia migombani. Mvua ilipiga majani kwa kishindo, hata hakusikia hesabu ilipokwisha.

"Ishirini na wawili, wametimia! Shikaneni mikono!"

Wakavuka mto juu ya gogo lililokuwa daraja lao. Ng'ambo mwalimu akahesabu tena: ishirini na wawili. Namnyaki alidhani Nosim ametangulia nyumbani. Nosim alipotoka migombani, alikuta uwanja mtupu. Alikimbia mtoni, akakuta maji yameshapanda juu ya gogo. Alikanyaga hivyo hivyo.

Mwili wake ulipatikana kesho yake, mbali, chini ya mizizi ya mkuyu.

Baada ya mwezi mmoja, Namelok alikwenda shuleni kwa mara ya kwanza. Mwalimu hakuweza kumtazama usoni.

"Nilimwona kila siku, mama. Nilimwacha nje ya hesabu. Nilipaswa kuja kwako."

"Nami nilipaswa kuja kwako," Namelok akasema. "Sasa niambie. Shule maana yake nini?"

"Ni neno la Wajerumani, ila wao walilipokea kutoka kwa Warumi, na Warumi kutoka kwa Wagiriki wa kale. Hata Waingereza, neno lao la shule limetoka huko huko. Kwa Wagiriki lilikuwa wakati wa mtu kupumzika na kazi. Watu walitua mizigo, wakakaa, wakazungumza, wakajifunza. Baadaye neno likawa jina la mahali pa kujifunzia."

Namelok alikaa chini, mikono mapajani. "Kutua mizigo," alisema taratibu. "Na mimi nilidhani ni kubeba. Ningeuliza tu, mwalimu. Ningevuka mto nikauliza."

"Na hesabu, mama, ni ili anayekosekana atafutwe."

Alilia kwa muda mrefu. Kisha alimwita mwanawe mdogo, Saruni, aliyekuwa amesimama nje, akamsukuma mbele. Mtoto akainamisha kichwa, mwalimu akakigusa.

"Anaitwa Saruni," Namelok alisema. "Mhesabu. Mhesabu kwa sauti, nisikie."

"Ishirini na watatu," mwalimu akasema.

Wanangu, na ninyi wazazi mnaowasomea, jiepusheni na haya:

Kuamini neno la mtoni bila kumwuliza anayejua.

Kumwahidisha mtoto jambo la kumficha kwa mwalimu wake.

Kujificha jina lako linapoitwa.

Kudhani mwenzako ametangulia, kabla hujamwona kwa macho.

Kuvuka mto uliojaa, hata kama nyumbani kunaonekana.