Mshumaa wa Mama Rennie

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta rafiki yangu Fergus, fundi seremala hapa Edinburgh.

Mjane mmoja, Mama Rennie, alimwita azibe upepo kwenye dirisha lake la kale la mbao, lile la kusukuma juu na chini, lililokuwa likivuma kama mtu anayelia. Fergus akalitoa, akapachika kandokando vipande vyembamba vya brashi vya kuziba nyufa, akalirudisha mahali pake. Mvumo ukakatika. Ilikuwa saa kumi jioni, na giza la Desemba, ambalo huku huwahi, limeshaingia.

"Haya, tuone kama hujanidanganya," mama akacheka.

Mafundi hujaribu dirisha hivi: unafunga mlango, unazima taa, unaweka mshumaa dirishani, kila mtu anabana pumzi. Mwali ukitulia, kazi imekwisha.

Wakafanya hivyo, na mwali ukatulia. Halafu ukainama, si kuja chumbani, bali kuelekea kwenye kioo. Ukasimama. Ukainama tena, taratibu.

"Mama, usipumue basi!"

"Sipumui mimi, mwanangu! Nilidhani ni wewe."

Wakabana pumzi tena, mikono midomoni. Mwali ukainama, na kwenye kioo, juu kuliko vichwa vyao, likatokea duara la ukungu wa pumzi.