Blauzi Zilizoongezwa Kushoto

Kila alasiri, akishamaliza kazi za shule, Sindano alifumua mishono. Jina hilo alipewa na wateja wa mama yake kwa wembamba wake. Mama alikuwa fundi cherehani, na binti ndiye aliyefumua nguo zilizoletwa kupunguzwa au kuongezwa.

Siku moja alikuta blauzi ya mama mwenyewe kwenye lundo. Upande wa kushoto, chini ya kwapa, ilikuwa imetiwa kiraka. Akavuta nyingine, na nyingine tena. Zote zilikuwa zimeongezwa kushoto tu, na kila kiraka kipya kilikuwa kipana kuliko cha zamani.

"Mama, siku hizi unanenepa upande mmoja?" alitania.

Mama hakucheka. Alisimamisha cherehani, akasema ana kijinundu tu, wala hakiumi.

"Bibi yako asijue," aliongeza. "Ataanza kunililia ningali hai."

Sindano aliitikia. Lakini asubuhi, kabla ya kwenda shule, alipitia kwa bibi akasema yote. Bibi hakulia. Alivaa viatu, akaenda kumtoa binti yake kwenye cherehani, wakaongozana hospitali.

Daktari alitoa kinyama kidogo kwa sindano, akakipeleka maabara. Siku za kungoja majibu, mama alimnunia mtoto. Hata uzi ukianguka, hakumwomba amwokotee; aliuokota mwenyewe.

Majibu yalipotoka, wote watatu waliketi mbele ya daktari. Haikuwa saratani. Mama alishusha pumzi, akauliza kwani uvimbe na saratani si kitu kimoja.

Daktari alimgeukia Sindano. "Ukijikata kidole, nyama mpya huota, sivyo? Jeraha likiziba, huacha kuota. Huo ni ukuaji wa kawaida. Uvimbe ni chembe za mwili zinazoendelea kuongezeka bila kuhitajika. Huu wa mama umebaki mahali pake. Unaweza kusukuma jirani zake, yaani nyama zilizo kando yake, ila hauwaingilii. Saratani huingia ndani ya jirani, kisha chembe zake husafiri na kwenda kuota mbali."

"Mimi nilijua si mbaya, maana hauumi," mama alijitetea.

"Saratani nayo mara nyingi huanza bila maumivu," alijibu daktari. "Hata mimi kwa kugusa tu siwezi kuapa. Ndiyo maana tulipima."

Uvimbe ulitolewa. Mama alipopona, alimwekea Sindano blauzi zote mapajani.

"Toa viraka, mwanangu, nizirudishe kama zilivyokuwa." Alitunga uzi kwanza, ndipo akaendelea. "Nilikuwa naongeza nguo ili nisiuone mwili wangu. Ukiona kitu kinaota mahali pasipo pake, usikifiche. Sema mapema, kipimwe. Na mtu akikuomba umfichie ugonjwa, hata akiwa mimi, fanya kama ulivyofanya."

Sindano alichukua wembe, akaanza na kiraka kipana kuliko vyote.