Bwana Najua na Waya wa Zamani

Jumamosi ile ilianza vizuri kabisa, ndugu zangu. Fundi umeme mstaafu alikuwa ameketi sakafuni sebuleni, kompyuta ya mkewe ameilaza ubavu juu ya shuka kuukuu, bisibisi mdomoni, anaimba puani. Mkewe alikuwa jikoni anaosha vyombo na kumcheka.

"Mume wangu, utaimeza hiyo bisibisi."

"Najua," akajibu.

Na hilo ndilo lilikuwa jina lake mtaani: Bwana Najua. Umwambie mvua inakuja, anajua. Umwambie kamba ya kiatu imefunguka, anajua, na anaendelea kutembea hivyo hivyo. Lakini alikuwa mtu mwema, tusimwonee. Miaka thelathini na tano alitandaza nyaya kwenye majumba ya watu, na hakuna hata nyumba moja iliyoungua.

Mkewe alikuwa mwalimu wa watoto viziwi, na alikuwa na kazi ya maana mkononi: kamusi ya lugha ya alama kwa video. Miezi kumi na moja wanafunzi wake walikuja nyumbani mmoja mmoja, wakasimama mbele ya ukuta mweupe, wakaonyesha maneno kwa mikono yao. Video zote zilikaa kwenye diski moja ndani ya kompyuta ile. Nakala nyingine? Hakuna. Mwalimu alishataka kuiweka, mumewe akamwambia, "Ya nini? Mashine hii naijua mimi."

Kompyuta ikawa inakwama kila mwalimu anapohariri video. Binti yao akawatumia kadi mpya ya picha, kile kifaa cha ndani kinachoisaidia kompyuta kuchora video, nene kama tofali na yenye njaa ya umeme. Pawa saplai ya zamani, yaani lile boksi la chuma linalogawa umeme ndani ya kompyuta, isingeiweza. Bwana Najua akaenda kununua kubwa zaidi kwa fundi wa kompyuta, dada mmoja mpole, umri wa binti yake.

"Mzee wangu," dada alimwambia, "nyaya za zamani zitoe zote. Hata zikiingia, usizitumie. Matundu yanafanana kwa nje, ila kila boksi limepanga umeme wake kivyake."

"Najua, mwanangu. Nyaya nimezishika kabla hujazaliwa."

Hakujua, jamani. Aliona haya tu kufundishwa na mtoto.

Basi pale sakafuni akafunga boksi jipya. Kadi akaipa waya mpya, ubao mkuu akaupa waya mpya. Akafika kwenye waya wa diski. Ule alikuwa ameupitisha mwenyewe nyuma ya bati la ndani ya kompyuta na kuufunga kwa uzi kila baada ya vidole vinne, ili mkewe akifungua aone kazi safi. Kuung'oa kulimuuma, akauacha. Akachomeka ncha yake kwenye boksi jipya, ikaingia bila shida.

"Si unaona," akajisemea, akawasha.

Feni zilianza kuzunguka, kitu kikalia pa!, halafu kimya. Harufu ya kuungua ikajaa sebule.

Mwalimu alikuja mbio, mikono imejaa povu. "Nini hicho?"

Ndugu zangu, ukweli ulimfika kwenye ncha ya ulimi. Akaumeza. "Yule dada kaniuzia boksi bovu."

Mwalimu hakupiga kelele. Aliketi kwenye mkono wa kochi, akauliza kwa sauti ndogo, "Na watoto wangu?" Alikuwa anawasema wale wa kwenye diski. Bwana Najua alitazama chini, moyo unamuuma kwelikweli, na bado akanyamaza.

Wakabeba kompyuta hadi dukani. Mwalimu, ambaye hajawahi kumfokea mtu, alimfokea dada yule mbele ya wateja. Dada machozi yakamlengalenga. "Samahani, mama. Kama boksi ni bovu, kosa ni langu. Ngoja niwashe hapa hapa, kama lilivyo, nilipime."

Akapeleka kidole kwenye swichi.

Hapo Bwana Najua alijua kweli. Swichi ile ikibonyezwa, diski itapigwa na umeme mara ya pili. Akinyamaza, atatoka dukani na heshima yake, na lawama itabaki kwa mtoto wa watu. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Usiwashe!" akapiga ukelele. "Waya wa diski ni wa zamani. Uliniambia, nikapuuza. Boksi lako halina neno. Mkosaji ni mimi."

Mkewe akamgeukia taratibu. "Ukaniacha nimtukane binti wa watu?"

"Ndiyo, mke wangu." Na machozi yakamtoka, mzee mzima.

Dada akaitoa diski, akaikagua kwa lenzi. "Mzee, umewahi. Kuna kidude hapa cha ulinzi. Umeme ukizidi, kinaungua chenyewe kwanza. Kimeungua, na sasa kinazuia umeme usipite; nikikitoa, huenda diski ikawaka. Ningewasha tena, hii diski ingekuwa ya kutupa."

Akakitoa kile kidude, akaiunganisha diski kwenye kompyuta yake kwa waya wake. Walisubiri bila kupumua. Kwenye kioo akatokea mvulana mbele ya ukuta mweupe. Alianza neno, akalisahau, akacheka, akaanza upya.

Mwalimu alimkumbatia dada kwanza, akamwomba radhi mara tatu, na hawakutoka pale mpaka nakala imewekwa. Ndipo akaushika mkono wa mumewe.

"Nimekasirika," akamwambia, "na kesho nitaamka nimekasirika. Lakini umesema."

FUNZO

Wapendwa, ujuaji unatula majumbani mwetu, na unawaumiza zaidi wale tunaotaka kuwafurahisha. Anayekuelekeza hajakudharau, hata akiwa mdogo kwako. Msikilize. Usipoelewa, uliza tena. Na ukikosea, usimtwike mwingine mzigo wako: sema mapema, maana fundi hawezi kutibu kosa ambalo umemficha. Fedheha ya Bwana Najua ilidumu dakika chache pale dukani. Kimya chake kingewafuta watoto wote wale.