Karen wa Toronto Hajawahi Kushuka Kreta

"Evi, acha hiyo kazi kwanza. Nitafutie mtu."

Remigius alisimama mlangoni mwa kafe ya intaneti ya dada Bernadina, kofia ya kazi mkononi, vumbi la barabara bado kwenye kope. Ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo dereva wa watalii hatakiwi kuonekana mjini Karatu mwezi wa nane, msimu wa wageni wengi. Evelyn aliacha kuchapa barua ya mteja, akainua macho.

"Wageni wako wako wapi?"

"Wamepewa Metui. Mimi nimesimamishwa."

"Na nani?"

"Na nani tena? Bosi Leodegar. Amesema nikasafishe jina langu kwanza ndipo nirudi kuchukua funguo." Akavuta kiti, akakaa kama mtu aliyetembea kutoka Mbulu. "Fungua lile jukwaa la wasafiri, lile wageni wanaloandika habari za safari zao. Soma mwenyewe."

Evelyn alifungua. Vidole vyake vilikuwa vinaijua njia hiyo kuliko alivyotaka mtu ajue. Mgeni mmoja wa Ujerumani alikuwa ameandika:

"Tahadhari. Sifa za dereva anayeitwa Remi wa Karatu ni za kutunga. Huyu Karen wa Toronto anasema walishuka kreta ya Ngorongoro kwa barabara ya Lerai. Nimefika huko mara tatu. Lerai ni ya kupandia tu. Ya kushukia ni Seneto. Karen hajawahi kufika. Nadhani Karen ni Remi mwenyewe."

Chini yake watu kumi na tisa, kila mmoja na nchi yake, walikuwa wamekubali.

"Mimi nisijue barabara ya kushukia!" Remigius akasema. "Miaka saba, Evi! Hata matairi yanaijua."

"Pole, shemeji," Bernadina akasema kutoka nyuma ya mashine ya fotokopi.

"Kampuni mbili za Ulaya zimeshamwandikia bosi. Hazitaki nipewe wageni wao. Kuna mtu amekaa mahali akatunga uongo kwa ajili yangu ili mimi nionekane tapeli. Na ninamjua."

Evelyn aliondoa mkono kwenye kipanya. "Nani?"

"Nani anaendesha wageni wangu leo?"

"Metui? Metui si ndiye anasimamia harusi yetu?"

"Ndiyo maana inauma." Alivaa kofia, akaivua tena. "Jumapili limesomwa tangazo la pili la ndoa yetu. Watu wote kanisani wanasikia Remigius anataka kuoa, na huko duniani Remigius ni mwongo. Nitafutie Karen ni nani. Wewe ndiye unayezijua hizi mashine."

Akatoka. Evelyn akabaki anaitazama skrini, na Karen wa Toronto akawa anamtazama yeye.

Kwa sababu Karen alikuwa ni yeye.

Ilianza mwezi wa nne, wakati wa masika, madereva wamekaa nyumbani wakiangalia mvua. Mwaka huo, 2006, wageni walikuwa wameanza kufika na karatasi zilizochapwa kutoka mtandaoni, zimeandikwa jina la dereva wanayemtaka. Fulani aliombwa kutoka Uholanzi, fulani kutoka Marekani. Remigius hakuombwa na mtu. Kampuni ilimpa wazee na masista, watu wanaoshukuru kwa kushika mkono, kisha wanaondoka.

"Wageni wangu hawaandiki," alimwambia Evelyn siku moja, bila kinyongo, akikoroga chai yake.

Ile "hawaandiki" ilimkaa Evelyn kifuani. Alikuwa na cheti cha uhazili kutoka chuo cha Arusha, na aibu aliyozaliwa nayo huko kwao Kibosho. Mgahawani hawezi kumwita mhudumu, anasubiri apite mwenyewe. Lakini mbele ya kibodi hakuna anayekuona uso. Akaandika. Akawa Karen wa Toronto. Akawa Tom wa Leeds. Akawa bibi mmoja wa Brisbane mwenye wajukuu sita.

Hadithi zote zilikuwa za kweli. Zilikuwa za Remigius mwenyewe, alizokuwa anamsimulia kwenye chai: faru na mtoto wake, mgeni aliyeshikwa na baridi ukingoni mwa kreta akafunikwa koti la dereva. Waliokuwa wa uongo ni wasimuliaji tu. Ila Remigius alikuwa na desturi moja: hadithi zake zote zilianzia kule chini, na zote ziliisha hivi, "tukapanda na Lerai, nimechoka." Evelyn hakuwahi kusikia jina lingine. Amekulia Karatu tangu darasa la kwanza, na kreta ameiona mara moja, kwa juu, na shule. Siku hiyo palikuwa na ukungu mtupu.

Saa kumi na mbili jioni, wakifunga kafe, Bernadina alizima kompyuta moja baada ya nyingine. Alipofika ya dirishani akasimama.

"Evelyn."

"Abee, dada."

"Tom wa Leeds alikuwa anakalia hiki kiti hapa, eh?"

Evelyn akakisukuma kiti chini ya meza.

"Mimi huwa naangalia kurasa zilizofunguliwa, nijue vijana wanatazama nini humu ndani. Nilijua tangu mwezi wa sita. Nikasema ni wazimu wa mapenzi, utapita. Haukupita."

"Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo. Usimwandikie. Umeandika vya kutosha."

Simu ya Evelyn ikalia ujumbe:

"Nimemkabili metui mbele ya madereva wote. Kakana. Kasema hasimamii harusi ya mtu anayemwita mwizi. Niko kijijini kansay kwa mama. Usipige nimechoka."

Alipiga.

"Nimesema usipige."

"Siyo Metui."

Upande wa pili ng'ombe walikuwa wanaingizwa zizini. Mama yake Remigius aliita kitu kwa Kiiraqw, Remigius akamjibu, kisha akarudi kwenye simu.

"Umempata?"

"Nimempata."

"Nani?"

"Ni mimi, Remi."

"Wewe nini?"

"Karen. Ni mimi."

Ng'ombe mmoja akalia.

"Na Tom?"

"Mimi."

"Na bibi wa Brisbane?"

"Mimi."

"Evi." Sauti yake ilishuka. "Maneno ya yule bibi niliyatoa kwenye karatasi. Wewe mwenyewe ulinichapia. Iko kwenye kile kikinga jua cha gari. Siku nikikwama kwenye matope naishusha, naisoma. 'Remi ana sauti ya mtu ambaye hana haraka na wewe.' Nilikuwa naamini huko duniani kuna mtu ananikumbuka."

"Niliyekuwa nakukumbuka ni mimi."

"Wewe ni mchumba wangu. Wewe utaacha kunikumbuka?" Akavuta pumzi. "Nimemtukana Metui kwa ajili ya mtu ambaye hayupo."

"Nisamehe, Remi."

"Nimechoka, Evi."

Simu ikakatika. Hakupiga tena.

Asubuhi alikwenda ofisini kwa Leodegar. Mzee huyo wa Kichaga alikuwa anakunywa chai kwa kelele, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkaribisha kiti.

"Kwa hiyo dereva hana kosa," akasema. "Na Metui hana kosa. Mwenye kosa ni bibi harusi."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa niwaandikie hivyo wazungu? Kwamba samahani, ni mambo ya mapenzi?"

"Nitawaandikia mimi."

"Kwa jina la nani safari hii?"

Evelyn alitazama viatu vyake. "La kwangu."

Ilimchukua mchana mzima kuandika maneno machache. Karen alikuwa anaandika kurasa mbili kwa nusu saa. Evelyn, kwa jina lake, alifuta kila mstari mara tatu. Mwisho akaacha hivi, kwa Kiingereza chake cha chuo:

"Jina langu ni Evelyn. Nachapa barua za watu katika kafe moja Karatu. Karen, Tom na bibi wa Brisbane nimewatunga mimi. Remi hakujua. Nilikuwa niolewe naye, sijui kama bado anataka. Nilikosea barabara kwa sababu sijawahi kushuka kreta, ingawa naishi karibu nayo. Wengi wetu hapa hatujawahi. Kama kuna mtu aliyesafiri naye kweli, naomba aandike. Hata kama ni baya."

Jibu la kwanza lilikuja kabla hajanyanyuka: "Mwongo ni mwongo." La pili: "Hadithi nzuri. Nani ametunga hii?" Kisha siku mbili hakuna kitu. Alifika kazini, akachapa barua za watu, akafungua ukurasa, akaufunga. Bernadina akawa anamwekea chai pembeni. Kutoka kwa Remigius hakukuja ujumbe hata mmoja.

Siku ya nne alikuta hii:

"Naitwa Inge, naishi Denmark, nina miaka sabini na mmoja. Anayenichapia ni mjukuu wangu. Mwaka 2003 Remi alituongoza mimi na mume wangu Aage. Aage alikuwa mgonjwa, hakuweza kusimama achungulie nje ya paa la gari. Remi alizima gari kwenye bwawa la viboko, akakaa karibu naye, akamsimulia nusu saa nzima kila kitu alichokuwa hakioni. Aage alifariki mwaka uliofuata. Siku zote nilidhani Remi anajua kwamba tunamkumbuka. Sikujua kuna mahali pa kuandika."

Na picha: Remigius, mwembamba kuliko sasa, amemshika mkono mzee mwenye kofia ya sufu.

Hadithi hiyo Remigius hakuwahi kumsimulia Evelyn. Hata mara moja.

Kufikia Ijumaa watu wanne walikuwa wameandika. Sista mmoja wa Austria alilalamika kwamba Remi anaimba akiendesha, na hajui kuimba. Yule Mjerumani aliandika mstari mmoja tu: "Basi. Nimekosea kuhusu Remi." Evelyn alizichapa zote, Bernadina akazipeleka kwa Leodegar. Kampuni moja ilirudi, na Remigius akarudishiwa funguo. Nyingine haikujibu.

Jumamosi saa mbili asubuhi gari la kijani lilisimama mbele ya kafe. Remigius hakushuka. Aliteremsha kioo.

"Gari la Metui limekufa kule chini. Nampelekea spea. Panda."

Evelyn akamgeukia Bernadina.

"Nenda bwana," Bernadina akasema. "Kafe haina miguu, utaikuta."

Walipita geti la hifadhi, wakapanda msituni, wakazunguka ukingo wa kreta, Evelyn ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama mgeni wa mtu. Mahali fulani gari likainamisha pua.

"Hii ndiyo Seneto," Remigius akasema. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu Karatu. "Ya kushukia."

Ukungu haukuwepo. Chini kabisa ziwa lilikuwa jeupe kwa magadi, na nyumbu walikuwa wametawanyika kama dengu zilizomwagika kwenye ungo.

"Ni kubwa kuliko nilivyoandika," Evelyn akasema polepole.

"Wote husema hivyo."

Jua lilimpiga usoni. Akashusha kikinga jua, karatasi mbili zikamwangukia mapajani. Ya juu ilikuwa ya Inge. Ya chini, iliyokunjwa mpaka ikachanika pembeni, ilikuwa ya bibi wa Brisbane.

"Hukuitupa?"

"Nilitaka kuitupa. Nikaisoma tena, nikajua ni wewe unayesema. Ikawa tofauti." Alikwepa jiwe, akanyoosha usukani. "Lakini usinisemee tena kwa midomo ya watu, Evi. Ukiwa na neno na mimi, niambie."

"Naona aibu."

"Ona aibu. Lakini niambie."

Metui, Mmaasai mrefu wa Piyaya, alikuwa amekaa kwenye bampa la gari lake bovu anakula yai la kuchemsha. Alipomwona Evelyn akanyanyua mikono yote miwili.

"Aa! Karen! Habari za Toronto?"

Evelyn aliziba uso. "Nisamehe, shemeji."

"Huyu mumeo mtarajiwa nimemtoza kondoo, na ameshamleta. Wewe utanichapia barua zangu mpaka uzae. Na nikisikia bibi yeyote wa ng'ambo ameniandika, nitajua ni nani!"

Remigius akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha mtu aliyechoka, lakini kilikuwa chake, na Evelyn alikuwa hajakisikia kwa siku tisa.

Walipomaliza na lile gari jua lilikuwa limepinda. Walipita kwenye migunga mirefu ya njano, barabara ikaanza kupanda.

"Na hapa ni wapi?" Remigius akauliza kama mwalimu.

"Lerai. Ya kupandia."

Akaitikia kwa kichwa. Walipanda kona mbili.

"Padre aliniuliza kama tangazo la tatu, nililoomba lisubiri, lisomwe kesho."

Evelyn akangoja.

"Nikamwambia misa ya pili, saa tatu. Usichelewe."

Kona nyingine. Injini ilikuwa inalalamika. Evelyn aliutazama mlango wa gari, akatazama mikono yake, mwisho akamtazama yeye.

"Remi. Una sauti ya mtu ambaye hana haraka na mimi."

"Nini?"

"Umesikia."

"Gari linapiga kelele," Remigius akasema, macho barabarani. "Rudia."

Akarudia, kwa nguvu.