Nondo Mwenye Macho Mabawani

Kristiana wa Mpui alikuwa hodari wa kuchuma viwavi. Kila msimu wa mvua, yeye na mkwewe Adela walikwenda porini na vikapu. Walichuma viwavi weusi wenye miiba myeupe mpaka miti ikabaki mitupu. Waliwatoa matumbo, wakawachemsha kwa chumvi, wakawaanika. Mboga hiyo waliila na ugali wa ulezi hadi kiangazi.

Mwaka 1952 walirudi na konzi moja tu. Adela alikuwa ananyonyesha pacha, na mwaka mzima alikula majani matupu. Akakonda, na maziwa yakapungua.

Mvua zilipoanza tena, Kristiana alikuta nondo ukutani, mkubwa kuliko kiganja. Alikuwa na rangi ya udongo mwekundu. Kila bawa la nyuma lilikuwa na jicho la rangi ya chungwa.

"Hayo ni macho ya marehemu," alisema, akainua ufagio. Kila mwaka aliwaua hivyo, na hakuona vibaya.

Jirani yao Beda, mlinzi wa msitu, alikuwa akipita.

"Shikamoo, mama. Usimpige. Huyo ndiye anayezaa viwavi wako."

"Marahaba. Beda, jua la msituni limekuchoma kichwa."

"Basi njoo uone."

Nyuma ya zizi, nondo mwingine alikuwa ametulia mtini, kando ya mayai yake.

"Mayai haya yatatoa viwavi," alisema Beda. "Kiwavi akishiba huteremka, huingia ardhini, akalala humo kiangazi chote. Mvua ikinyesha hutoka na mabawa. Hana hata kinywa cha kulia. Huishi siku chache, akataga, akafa."

"Hali kitu kabisa?"

"Kabisa. Nao wameenea Kongo, Rodeshia, hadi Afrika Kusini."

Kristiana aliinama akamtazama nondo yule.

"Kumbe nimeua mama zao, na watoto nikawamaliza," alisema taratibu.

"Ukichuma, waache wengi washuke ardhini. Na nondo usiwaguse."

Wakafanya hivyo. Msimu wa tatu wa mvua, vikapu vilijaa tena. Pacha walikula mchuzi wa viwavi kwa mikono yote miwili, na Adela akanenepa.

Siku ya mwisho ya kuchuma, kiwavi mnene alikuwa anateremka shinani. Adela akanyoosha mkono. Kristiana akaushika.

"Mwache, mwanangu. Huyo anakwenda kutafuta mabawa."

Wakasimama wakimtazama mpaka alipozama udongoni.