Nilinde Nilale

Foleni ya ukumbi wa kompyuta ilishuka ngazi zote mpaka barabarani. Watu walisukumana kimyakimya, vitambulisho mkononi, kila mmoja akitaka nafasi katika chuo cha uuguzi. Mlangoni alisimama kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mbele tu. Alikuwa msimamizi wa mtihani, kibarua wa kulipwa kwa siku. Kabla ya kila awamu alisoma tangazo la chuo: kwamba mtihani huu, uleule kwa wote, umethibitishwa kutabiri nani atafaulu masomo ya uuguzi na nani atakwama njiani.

"Kumbe wewe mpiga ramli," alisema msichana aliyefika mbele yake. Alivaa sweta la kijani juu ya sare ya wahudumu wa wodi, na viatu vyake vya mpira bado vilinuka dawa ya kudekia. Macho yalikuwa mekundu. "Basi niambie nitaolewa na nani."

"Onyesha mifuko, dada."

"Mifuko haina kitu. Tazama kiganja."

Kijana alijitahidi asicheke, akashindwa.

Msichana yule alikuwa ametoka zamu ya usiku moja kwa moja. Wodi zile zinajulikana: mhudumu mmoja, vitanda safu mbili, kugeuza, kuosha, kubeba, na asubuhi hakuna wa kukuambia ahsante. Katikati ya sehemu ya kusoma kichwa kilimwinama, kidevu kifuani, mkono ungali juu ya kipanya. Msimamizi alimwona. Kanuni ilikuwa wazi: ukimgusa mtahiniwa au ukisema naye, mtihani wake unafutwa. Akasimama nyuma ya kiti chake, mikono mgongoni, akamtazama akipumua. Muda ulipokwisha ile sehemu ikajifunga yenyewe, ya sayansi ikafunguka. Msichana akazinduka, akafuta mate mdomoni, akaendelea. Usingizi wa mtu aliyechoka hauna saa. Alidhani amepitiwa kidogo tu.

Alama zake zikawa chini ya mstari wa kufaulu.

Chuo hakikuuliza nani kalala wapi. Watu wazima wanakumbuka kwamba zamani chuo hichohicho kilimweka mwombaji wodini, kikamtazama anavyomshika mgonjwa. Kisha wakaja wakubwa na grafu zao, wakachora mstari, na waliolala vizuri wakaangukia upande wa juu. Na ramli yao hutimia, kwa nini isitimie? Anayekuja na usingizi wa kutosha hufaulu mtihani, halafu hufaulu mwaka wa kwanza kwa usingizi uleule. Wakubwa wakapigiana makofi.

Wawili hawa walikutana tena kwenye geti la hospitali, saa ya kuona wagonjwa. Shangazi yake kijana alikuwa amelazwa, na aliyemwosha shangazi kila siku alikuwa msichana wa sweta la kijani. Msichana akamwita kijana Bwana Kimya, kwa jinsi alivyokuwa akinyamazisha ukumbi. Shangazi aliporuhusiwa, kijana hakuacha kuja. Walikula ndizi ukutani pa hospitali, wakapigiana simu. Mara nyingi katikati ya maneno matamu kijana alisikia mkoromo upande wa pili, na kesho yake aliambiwa kwamba sauti yake ingeuzwa duka la dawa.

Ila alipomwambia arudie mtihani, kwa kuwa kila mtu aliruhusiwa mara mbili, msichana alikataa. Alisema kompyuta imeshampima kichwa na imekuta kizito, hana haja ya kuambiwa tena. Alilisema hilo bila machozi, kama mtu anayetaja kimo chake. Kijana aliinamisha uso. Akambembeleza wiki baada ya wiki, mpaka msichana akajiandikisha. Ndipo siku moja, akimmenyea ndizi, ulimi ukateleza.

"Safari hii usilale tu kwenye sehemu ya kusoma."

Msichana akaacha kutafuna. "Nilipitiwa kidogo tu."

Kijana akaiweka ndizi chini.

"Nililala sehemu nzima?"

"Nzima. Ningekugusa wangekufutia."

"Ungekohoa," msichana alisema polepole. "Ungeangusha funguo. Haya, hilo nakusamehe. Lakini miezi yote hii najiita mjinga mbele yako, na wewe unamenya ndizi?"

Akavaa sweta lake akaondoka.

Simu zikawa hazipokewi. Mwishowe ikapokewa na dada mtu, ambaye msichana aliishi kwake, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Shemeji, kaniambia niseme hayupo. Yupo, anaosha vyombo kwa hasira, kashanivunjia kikombe."

Kisha akaeleza mengine. Muuguzi mkuu amemnyima ruhusa. Siku ya mtihani atatoka tena zamu ya usiku. Mtihani ni mchana, lakini atalala wapi? Chumba ni kimoja, watoto watatu, na fundi wa mageti anagonga vyuma ukutani kutwa nzima.

"Hii ndiyo mara yake ya mwisho, shemeji. Akikosa, atadeki mpaka azeeke."

Asubuhi ya mtihani msichana alipotoka getini, sweta begani, alimkuta kijana amesimama na ufunguo.

"Nenda kwangu ukalale. Mimi nitakaa nje."

"Wewe leo si uko ukumbini?"

"Nimeomba nisiwepo." Alikuna shingo. "Msimamizi haruhusiwi kuingia kama ndani kuna ndugu yake au mchumba wake. Nimemwambia bosi kwamba wewe ni mchumba wangu."

Msichana alimtazama kwa macho yale mekundu. "Umenichumbia kwa bosi kabla ya kwangu?"

"Kwako simu haipokewi."

Alikuwa amechoka mno hata kununa. Akauchukua ufunguo. "Utaniamsha?"

"Nitakuamsha."

Akalala na viatu. Nje, kijana alikaa kwenye kigoda akiwa ameegemea mlango. Akamwomba jirani azime redio, jirani akamtukana, akamwomba tena mpaka ikazimwa. Akafukuza kuku. Mwenye nyumba alipokuja kugonga akidai maji yanavuja, alimfuata mpaka uani akalipokea karipio lote huko. Jua lilipopanda aliingia, akapiga goti, akamgusa bega.

"Amka. Maji ya kunawa haya hapa."

Safari hii yeye alibaki nje ya ukumbi, pamoja na akina mama waliopakata mikoba ya watoto wao. Watahiniwa walipoanza kushuka ngazi, sweta la kijani lilikuwa la mwishomwisho. Kijana akauliza imekuwaje.

"Sijui." Msichana aliketi kando yake kwenye ngazi. "Lakini nimesoma mpaka mstari wa mwisho. Wakisema mimi ni mjinga leo, angalau watakuwa wamekutana na mimi mwenyewe."

Akaegemea bega la shati jeupe. Zamu nyingine ilikuwa inamngoja, na vitanda safu mbili.

"Kamwambie bosi wako," alisema, macho yakifumba, "hukumdanganya. Ikifika saa ya zamu, niamshe."